Potifolio ya kurasa 64, na swali la mvua

Mshauri, shikamoo.

Nimehitimu shahada ya ubunifu majengo mwaka jana, natafuta kazi kwenye ofisi za wabunifu hapa Dar es Salaam. Potifolio yangu ina kurasa 64 za A3. Nimeweka miradi 11, kuanzia ya mwaka wa kwanza hadi mradi wa mwisho, ambao ni soko na kituo cha daladala Mbagala. Humo kuna pia mradi wa kuboresha nyumba ya kupanga ya vyumba sita Magomeni, michoro ya nyumba ya ghorofa moja niliyochora nikiwa fildi, na kituo cha afya tulichobuni watu wanne kwa shindano la wanafunzi. Faili ni PDF ya MB 48, nimekuambatishia hapa.

Nimetuma kwenye ofisi tisa. Moja ilijibu kwamba faili haifunguki kwenye simu. Nyingine iliniita usaili. Aliyenihoji alifunua kurasa haraka haraka, akasimama kwenye picha ya 3D ya soko, akauliza, "Wazo lako la nafasi hapa ni lipi?" Nikaeleza kwamba umbo la paa limetokana na kikapu cha ukili. Akasema, "Na mvua ikinyesha?" Sikuwa na jibu. Alipofika kwenye kituo cha afya akauliza, "Wewe binafsi ulifanya nini?" Nikajibu kwamba tulisaidiana.

Naomba msaada. Nipunguze kipi? Wazo la nafasi linaonyeshwaje kwenye karatasi? Michoro ya fildi naruhusiwa kuitumia? Laptopu yangu ina RAM ya GB 8, picha moja ya 3D inakula usiku mzima, na wenzangu sasa wanapendezesha picha zao kwa akili mnemba. Nami nifanye hivyo? Na zile pau za asilimia za ujuzi wa programu, niziache?

Mhitimu, Tabata

—

Marahaba, mhitimu.

Tuanze na mvua, maana ndiyo iliyobeba nusu ya barua yako. Aliyekuhoji hakuhama mada. Swali la nafasi na swali la mvua ni swali moja; la pili alilishusha tu ili ulifikie. Kikapu cha ukili kinaeleza umbo lilikotoka. Hakisemi muuza nyanya atakaa wapi, kivuli kitamfuata hadi saa ngapi, wala maji ya paa yatapita wapi ili yasimmwagikie mteja shingoni.

Piga hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tuseme paa lako lina mita za mraba 1,200. Mvua moja nzito ya masika, milimita 50, inaliletea lita 60,000, yaani matangi 12 ya lita 5,000. Paa lenye mikunjo ya kikapu linayakusanya maji hayo mabondeni, na kila bonde linadai mfereji, bomba la kushushia na mahali pa bomba kutokea chini. Ukishachora hivyo, mpango wa soko unaanza kubadilika wenyewe: bomba linafuata nguzo, muuzaji hawezi kukaa pale maji yanapotokea, basi labda hapo ndipo pawekwe tangi na bomba la kuoshea mboga, na meza zisogee. Hilo ndilo wazo la nafasi. Limeanza na maji, likaamua watu wakae wapi.

Mfano mzuri uko karibu nawe. Soko la Kariakoo, kazi ya mbunifu Beda Amuli ya miaka ya 1970, lina paa la miamvuli ya zege iliyogeuzwa kama faneli. Mwamvuli mmoja unabeba paa, unatia kivuli na unakusanya maji ya mvua. Ndiyo maana mchoro mmoja wa mkato, yaani jengo likionyeshwa kana kwamba limekatwa wima, unatosha kulieleza soko zima. Wewe una picha nne za soko lako zilizopigwa kutoka angani, na hakuna muuzaji wala mteja atakayelitazama kutoka huko. Mkato sikuuona, na kama upo umeufanya mdogo pembeni.

Basi ukurasa wa kwanza wa mradi wa Mbagala uwe mkato mrefu kutoka barabarani hadi ndani ya soko, kwa skeli ya 1:100 (sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya kweli), kisha kipande cha katikati ukikuze hadi 1:50. Uonyeshe vitu hivi, na kila kimoja kiwe na kipimo: daladala imesimama, abiria anashuka upande upi, mtaro wenye mfuniko, sakafu inayoteremka sentimita moja kila mita ili maji ya kuoshea yaondoke, meza ya kimo cha sentimita 80 hivi, njia ya mita 2.4 ili mchukuzi mwenye mzigo apishane na mnunuzi bila kugongana. Ukingo wa paa usishuke chini ya mita 2.4, kwa kuwa sokoni watu hubeba matenga kichwani. Ukiuweka mita 2.1, kama inavyotokea kwenye michoro mingi ya wanafunzi, tenga litagonga bati. Halafu watu wenyewe. Watu wa kubandika kwenye michoro wanaotoka kwenye maktaba za picha za nje wanakuja na makoti mazito na skafu shingoni. Watu hao Mbagala hawana kazi. Chora mama lishe, konda, mtoto wa shule. Hata vivuli vyao vyeusi vinatosha, mradi kimo kiwe sahihi.

Juu ya mkato andika sentensi moja tu. Kwa sasa ukurasa huo una aya ya maneno 190 inayoanza na "mradi huu unalenga kuleta muunganiko wa kihisia baina ya mtumiaji na mazingira". Sentensi hiyo unaweza kuibandika kwenye hospitali, gereza au baa, na hakuna atakayeshtuka. Jaribu hivi: "Abiria 1 anashuka, anapita chini ya paa hadi ndani ya soko bila kukanyaga tope, maji ya paa lilelile yanaosha mboga." Hapo msomaji ana kitu cha kukagua. Ataenda kwenye mchoro kutazama kama ni kweli, na akishafanya hivyo umempata.

Kuhusu nafasi kwa jumla: lugha yetu imekusaidia. Konda anaposema "nafasi ipo" na abiria anaposema "hakuna nafasi", wote wanatazama kiti kilekile na hakuna anayepima mita za mraba. Nafasi ni kipimo pamoja na mtu anayekitumia, saa anayokitumia na sitara anayoihitaji. Kwenye karatasi, basi, unaionyesha kwa kuchora vyote hivyo juu ya ramani moja.

Mradi wako wa Magomeni ndio unaofaa zaidi kwa kazi hiyo, nawe umeuficha ukurasa wa 41. Nyumba ya Kiswahili tunaijua: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma penye jiko na choo. Ukitoka barabarani hadi uani sitara inaongezeka hatua kwa hatua. Mpita njia anaishia barazani, mgeni anafika koridoni, uani wanaingia wa nyumbani. Nyumba hiyohiyo ikipangishwa kaya sita, ngazi zile za sitara zinavurugika. Korido inageuka jiko, na mwenye nyumba akiongeza vyumba uani anaziba tundu lililokuwa likivuta hewa kutoka mlango wa mbele. Hapo pana tatizo la kweli la kubuni, kubwa kuliko la makumbusho yako ya mwaka wa tatu.

Chora ramani ileile mara tatu kwa 1:200, ukurasa mmoja: saa moja asubuhi, saa nane mchana, saa mbili usiku. Tumia rangi tatu tu: wanaopika, wanaopumzika, wanaopita. Chini yake ramani yako mpya, mara tatu vilevile, saa zilezile. Usieleze. Macho yatalinganisha. Ongeza mshale wa kusi na wa kaskazi, maana pepo hizo mbili zinagawana mwaka wa pwani, na nyumba inayovuta moja ikaziba nyingine inachemka nusu mwaka.

Jua nalo lina hesabu yake, na hapa ndipo wengi wanapoanguka kwa sababu wananakili michoro ya Ulaya ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Tarehe 21 Juni saa sita mchana jua liko upande wa kaskazini, kimo cha nyuzi 60 hivi. Tarehe 22 Desemba liko upande wa kusini, nyuzi 73 hivi. Kwa dirisha ambalo kutoka ukingo wa paa hadi kizingiti cha chini ni mita 1.5, paa la upande wa kaskazini litokeze sentimita 87 na la kusini sentimita 45, ndipo jua la saa sita lisiingie. Hesabu ni kimo kugawanya kwa tanjenti ya pembe ya jua. Inaingia kwenye kona ya mchoro bila kelele. Mashariki na magharibi usijisumbue na ukingo, jua linakuja likiwa chini na litapita chini ya paa lolote. Huko punguza madirisha, au weka tofali za matundu, au mti.

Sasa ipeleke hesabu hiyo barazani. Kiti cha baraza kiko sentimita 45 juu ya sakafu, kina upana wa sentimita 60, paa liko kimo cha mita 2.4. Nyumba ikitazama kaskazini, ili aliyekaa afunikwe kiti kizima saa sita ya mwezi wa Juni, paa litokeze karibu mita 1.75. Kenchi ya mbao haitaning'inia hewani kwa urefu huo bila tegemeo, kwa hiyo nguzo zinakuja, na nguzo zikija una veranda, tena unapaswa kuamua ziko ndani au nje ya mpaka wa kiwanja. Ukurasa mmoja wa namna hii unamwambia mwajiri kwamba unaweza kutoka kwenye hewa hadi kwenye mbao. Hakuna picha ya 3D inayosema hivyo.

Sasa kupunguza. Miradi saba inatoka. Ya mwaka wa kwanza na wa pili yote, makumbusho, uwanja wa ndege, na hoteli ambayo ngazi zake zitakuaibisha: ghorofa ni mita 3.15, umechora vipandio 12, kila kimoja kinakuwa na kimo cha zaidi ya sentimita 26. Bibi yako hapandi hapo. Kwa kimo hicho weka vipandio 18 vya milimita 175, na kanyagio 17 (pale mguu unapokanyaga) za milimita 280, urefu wa mita 4.76 kama ngazi inapanda moja kwa moja bila kituo cha kupumzikia katikati. Kanuni ya kukagua ni kipandio mara mbili kujumlisha kanyagio, jibu liangukie kati ya milimita 600 na 640. Hapa ni 630. Ngazi ndizo mwajiri anazozitazama kwanza kwenye mchoro wa mhitimu, pengine kabla hata ya jina. Baada yake anatazama kama choo cha juu kiko juu ya chumba cha kulala cha chini, kama nguzo iliyoko kwenye ramani inaonekana pia kwenye mkato, na kama ukuta una unene wa kitu kinachouzwa. Tofali la inchi 6 ni milimita 150, lipu pande zote mbili inaufikisha ukuta karibu 175 hadi 180. Wewe umechora 100.

Kurasa zitakazobaki zigawe hivi: jalada ukurasa mmoja, wasifu mmoja, Mbagala nane, Magomeni tano, fildi nne, kituo cha afya tatu, na mbili za kazi za mkono: michoro ya kalamu na picha za modeli. Jumla 24. Hiyo ndiyo unayoingia nayo kwenye usaili, imechapwa A3. Ya kutuma kwa barua pepe ni nyingine kabisa, sampuli ya kurasa sita hadi nane.

Sampuli usiitengeneze kwa A3. Atakayeipokea ataifungua kwenye simu, pengine akiwa saiti. Ukurasa wa A3 wa kulala una upana wa milimita 420. Simu ikilazwa ina milimita 150 hivi, kwa hiyo herufi ya pointi 9 inasomeka kama ya pointi 3, yaani haisomeki. Tengeneza A4 ya kulala, herufi zisipungue pointi 10, mchoro mmoja mkubwa kwa ukurasa, na faili lisizidi MB 5.

MB 48 zimetoka wapi? Kwanza ni picha za 3D ulizoziingiza zikiwa PNG za pikseli 3,840. Picha inayojaza upana wa A4 ya kulala kwa dpi 150 (nukta 150 kwa kila inchi) inahitaji pikseli 1,754 tu, na ya nusu ukurasa 877. Zibadilishe ziwe JPEG kwa ukubwa huo kabla hujaziweka kwenye ukurasa, usitegemee programu izibane mwishoni. Pili, na hili halionekani kwenye MB, ni vistari vya kujazia kutoka AutoCAD, programu ya kuchorea: nyasi, vigae, tofali moja moja. Simu inachora kila kistari upya kila unapofunua, ndipo inapoganda. Futa vistari hivyo, au geuza mchoro husika uwe picha ya dpi 200 na uache maandishi peke yake kama maandishi.

Kuna kosa jingine linalokula michoro yako kimyakimya. Michoro ya studio uliichora kwa A1, kisha ukaibana iingie A3. A3 ni nusu ya A1 kwa kila upande, kwa hiyo mchoro wa 1:50 umekuwa 1:100, lakini chini bado pameandikwa 1:50. Mwenye rula atagundua kwa sekunde kumi. Maandishi ya milimita 2.5 yamekuwa 1.25, na mistari ya 0.13 imekuwa chini ya 0.07, ndiyo maana kwenye chapa imepotea na ukuta uliokatwa unafanana na ukingo wa kigae. Rudi kwenye faili la asili, upange upya kwa karatasi unayoitumia: kilichokatwa milimita 0.5, kinachoonekana 0.25, vigae na samani 0.13, maandishi yasipungue milimita 2. Badala ya kuandika skeli kwa tarakimu peke yake, weka mstari wa kipimo uliogawanywa mita 1, 5 na 10. Huo unabanwa pamoja na mchoro na haudanganyi. Mshale wa kaskazini kila ramani, bila kusahau.

Kuchapa: acha milimita 20 upande wa kufungia, na usipitishe mchoro muhimu katikati ya kurasa mbili, maana kwenye mkunjo unapoteza karibu sentimita moja na humo ndimo mlango mkuu hukaa. Karatasi ya gramu 120 hadi 150. Chapa ukurasa mmoja wa majaribio kwanza. Picha zinazong'aa kwenye skrini hutoka nyeusi dukani, hasa zile za jioni zenye taa za njano.

Michoro ya fildi. Hiyo ni mali ya ofisi na ya mteja wake, kwa hiyo omba ruhusa kwa maandishi, hata ujumbe mfupi unatosha kuwa ushahidi. Ukishapewa, futa jina la mteja, namba ya kiwanja na kisanduku chote cha taarifa za mchoro, kisha andika kwamba ilichorwa chini ya usimamizi wa ofisi hiyo, na wewe ulichora zipi. Ukinyimwa, usiitumie, chora upya mfano wako wa choo kwa 1:20, au wa makutano ya paa na ukuta kwa 1:5: bati, papi, kenchi, lenta, ubao wa pembeni, mfereji. Usizidharau kurasa hizi nne ati hazina mvuto. Ofisi inamtafuta mtu atakayekaa kwenye kompyuta Jumatatu na kutoa jedwali la milango na madirisha ifikapo Jumatano. Kama una karatasi uliyosahihishiwa kwa wino mwekundu, weka picha yake ndogo kando ya mchoro uliorekebishwa. Wengi wanaona haya kufanya hivyo. Ni ukurasa mzuri kuliko wanavyodhani.

Kituo cha afya ni rahisi. Chini ya kichwa: "Timu ya watu wanne. Kazi yangu: mpangilio wa wagonjwa wa nje, mkato B–B, modeli." Halafu kurasa tatu zionyeshe hayo matatu kwa ukubwa, mengine yawe madogo. "Tulisaidiana" haijibu kitu, na wenzako watatu nao wanatuma picha zilezile kwenye ofisi zilezile. Kwenye mpangilio onyesha jambo moja: anayekohoa anaingiaje na kusubiri mahali penye upepo bila kupita mbele ya mama mwenye mtoto mchanga.

Laptopu yako inatosha. Acha picha za usiku mzima. Toa modeli nyeupe tupu yenye vivuli kutoka SketchUp, programu ya modeli za 3D, mandhari moja kwa saa tatu za siku, kila picha inatoka kwa sekunde. Ila kwanza iambie programu kwamba jengo liko Dar es Salaam. SketchUp usipoigusa hupiga vivuli vya Boulder, Colorado, na soko la Mbagala linapata jua la Marekani.

Kwa modeli ya mkono, simu inatosha pia. Kwa 1:100 mtu ana milimita 17, macho yake yako milimita 16 juu ya sakafu. Igeuze simu kichwa chini ili lenzi ishuke hadi hapo, kaa mbali kidogo na uvute kwa zumu ya mara mbili ili kuta zisipinde, tumia mwanga wa dirisha wa upande mmoja, nyuma tundika kitambaa cheusi. Usipige kutoka juu ukisimama. Hapo utapata picha ya boksi.

Akili mnemba ina kasoro moja ambayo wabunifu hawawezi kuisamehe: inaongeza na kupunguza vitu bila kukuambia. Ukiipa picha ya soko irembe, inarudisha nguzo tano palipokuwa na sita, mfereji umefutwa, na ngazi zinaishia ukutani. Ukiitumia kwa mawingu, miti na tope, weka picha yako ya asili chini yake kwenye skrini uhesabu nguzo, madirisha na ghorofa moja baada ya nyingine, kisha andika kando kwamba picha imepambwa kwa akili mnemba. Kwa mradi wa kuuza wazo la nafasi, nisingeitumia kabisa. Utaulizwa "hiki ni nini?" na utabaki unashangaa pamoja na aliyeuliza.

Pau za asilimia ziondoe. AutoCAD 90, asilimia 90 ya nini? Andika kazi: "AutoCAD: seti ya michoro ya ujenzi ya nyumba ya ghorofa moja, karatasi 14. Revit: modeli ya kituo cha afya, wodi na wagonjwa wa nje. Mkono: michoro ya saiti." Isiyotosha kuandikiwa kazi usiitaje. Na kwenye jalada usijiite mbunifu majengo. Usajili unatolewa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, na wanaokuajiri wanaujua utaratibu huo kuliko wewe. "Mhitimu wa ubunifu majengo" ni cheo halali na hakina aibu.

Siku ya usaili beba nakala iliyochapwa, pamoja na faili kwenye flashi, usitegemee bando. Fungulia mkato wa Mbagala moja kwa moja, dakika tatu, kisha nyamaza. Watauliza ungebadilisha nini kama ungeanza upya. Andaa jibu moja lenye kipimo kwa kila mradi, mfano njia ya samaki iwe mita 3 badala ya 2.4 kwa sababu ya ndoo na barafu. "Kila kitu kinaweza kuboreshwa" ni jibu la mwanasiasa.

Barua pepe iwe mistari mitano: wewe nani, unaomba kazi gani, unaweza kuanza lini, mradi gani wa ofisi hiyo umeufuatilia na kwa nini, sampuli imeambatishwa. Jina la faili liwe jina lako na neno sampuli, maana "portfolio final final 3" litapotea kwenye simu ya mtu mwenye mafaili 20 ya jina hilo. Kabla ya kuituma, jitumie mwenyewe, kisha mtumie ndugu mwenye simu ya bei ya chini na mtandao wa kusuasua, umwombe akusomee kipimo kilichoandikwa kwenye meza ya muuzaji.

Na ile ofisi iliyokuuliza kuhusu mvua, itumie kitu kwanza kabla ya zote, hata kama walishakujibu hapana. Ukurasa mmoja tu, mkato wa 1:50 wenye bonde la paa, mfereji, bomba, tangi na muuza mboga. Juu yake andika: "Mliniuliza mvua ikinyesha."